Nyati Aliyeijua Sauti Yangu

Sogeeni, wanangu. Darbara, kaa hapa miguuni pangu. Jagir, zima hiyo simu. Charno, wewe ni mke wa mwanangu wa kwanza, si mgeni, usisimame mlangoni. Kaa ukingoni mwa kitanda, kamba zake bado zina nguvu kuliko mimi. Na Melo yuko wapi? Mwambieni aache kukata majani ya nyati wetu wa maziwa, aje na mikono yake ilivyo, sitaki anawe kwanza. Nina maneno ya mchana mmoja, na nusu ya mchana wenyewe mmeshaila mkibishana jikoni mkidhani nimelala.

Sikulala. Nilimsikia Darbara akisema, "Mama akifumba macho tu, Melo ataweka dole gumba kwamba ardhi anatuachia. Dada yetu hana maneno, yule ni ng'ombe." Ulisema kwa upendo, mwanangu, najua, kwa sababu katika kijiji hiki hakuna sifa ya mwanamke inayopita hiyo: ng'ombe, mpole, ukimfunga hapa anakaa hapa, ukimkamua hapigi teke. Jagir akajibu, "Na karatasi iko wapi? Karani wa ardhi anakuja saa kumi." Mkaitafuta kabatini, mkaitafuta chini ya redio, Charno akapekua hata debe la unga. Endeleeni kuitafuta. Tutafika huko.

Najua mnachongoja kwangu. Mzee anapoagana na watu wake hapa kwetu hutoa misemo, na watoto huitika kwa vichwa, kisha huenda nayo kama urithi. Kwangu leo hamtapata hata mmoja. Misemo niliyolishwa tangu nikiwa mtoto ilikuwa na mnyama ndani yake, na kila nilipomtazama vizuri mnyama yule nilikuta ni mimi. Shomoro ni mimi, ng'ombe ni mimi, nyati ni mimi, na siku nilipokataa jambo nikawa nyoka. Wanaume ndio waliokuwa simba. Kila mmoja anaitwa Singh, na Singh ni simba, jina la heshima, nalitaja kwa adabu. Lakini nimeishi miaka sabini na minane kati ya pamba na mfereji huu wa Punjab, na simba bado namngoja.

Usicheke, Jagir, na wewe umo.

Mimi wanyama niliowajua ni hawa wa uani kwangu. Nimewalisha, nimewazalisha, nimelala nao kwenye joto lao majira ya baridi nyumba hii ilipokuwa haina mlango. Kwa hiyo nitawaambia walivyo, wala sitawaambia wanavyosemwa, na nikimaliza mtajua habari ya ardhi.

Tazameni juu ya boriti. Mnawasikia? Hao ni shomoro. Wanapomwoza binti hapa kwetu wanawake humlilia kwa jina la shomoro, kwamba amekula nafaka za baba yake, sasa ameruka, ua si wake tena. Nami nilililiwa hivyo, nikaamini. Baba yangu alipofariki, kaka zangu wawili walinijia na kitambaa cha kijani cha suti ya kike na sanduku la pipi za maziwa, wakanichukua kwa gari la ng'ombe hadi kwa karani, nikaweka dole gumba kwamba sehemu yangu ya shamba la baba nawaachia wao. Hakuna aliyenilazimisha. Niliweka nikicheka. Kaka mkubwa akanishika bega mbele ya watu akasema, "Mnamwona dada yangu? Ng'ombe wa Mungu huyu." Nikarudi kwa mume wangu nimevimba kwa fahari, nikashona suti, nikaivaa sikukuu ya mavuno.

Mwaka wa pili baba yenu, Kehar, alishuka kisimani kukisafisha, akakosa hewa, wakamtoa kwa kamba akiwa amekwisha. Darbara ulikuwa na miaka mitano, Jagir mitatu, Melo alikuwa tumboni. Niliwabeba nikatembea kutwa nzima hadi nyumba niliyozaliwa. Mke wa kaka alinipa chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua. Kaka alikuja kutoka shambani, akaketi, akauliza, "Dada, unakaa siku ngapi?"

Siku ngapi. Ndani ya ua niliojifunzia kutembea. Nilitazama juu, na juu ya boriti ya baba walikuwako shomoro walewale, wazazi na watoto na wajukuu, nyasi zile zile zinaning'inia. Tangu siku ile nimewachunguza. Huyu ndege hahami. Korongo wanahama, bata wa mtoni wanahama, shomoro anazaliwa uani na kufia uani. Aliyetunga neno lile kuhusu binti hakuwahi kuinua macho yake juu ya dari.

Nipe maji, Charno. Kidogo tu.

Nikarudi hapa. Siku ya kumi na tatu ya msiba wanaume wa ukoo walijaa uani, nikajua wanachotaka, kwa sababu hata ninyi mnaijua desturi: ndugu wa marehemu humfunika mjane shuka nyeupe mbele ya watu, na ikishamgusa kichwa amekuwa mke wake, na ardhi haijatoka ndani ya ukoo. Baba yenu mdogo Mukand alikuja na shuka mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mke alikuwa naye, tena mwanamke mwema, Inder, aliyekuwa nyuma ya ukuta akilia kwa kuuma mtandio wake. Mukand akasema, "Shemeji, ni kwa ajili ya watoto," akaitupa. Nami nikatoka chini yake kama kuku anavyotoka chini ya kapu, nikasimama upande wa pili, kichwa wazi mbele ya wazee, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na shuka ikabaki chini haina mtu.

Nikasema, "Shemeji, kapu lako ni dogo."

Hawakucheka. Walichukia. Walisema nimepandwa na kiburi, walisema mengi, wakaondoka, na katika kuondoka kwa hasira wakasahau shuka. Ilikuwa nguo nzuri, nzito. Ilikuwa baridi ya mwezi wa Poh, ukungu haukatiki hadi adhuhuri, na nyati wangu Bhuri alikuwa na mimba kama mimi na alikuwa anakohoa. Nikamfunika Bhuri.

Haki ya Mungu sikuwa na nia ya kumchokoza mtu. Nilimwonea huruma mnyama. Lakini muuza mafuta alipita, akaona, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimejua kwamba Mukand Singh ameoa nyati. Watoto walimfuata hadi mferejini wakimwuliza bibi harusi hajambo. Wanaume kwenye jukwaa la lango la kijiji, wanapobarizi, walimsogezea nafasi, "Kaa, bwana harusi, umechoka." Wiki tatu alivumilia. Bhuri alipozaa, nilipokuwa nimeanza kupata maziwa ya kuwanywesha ninyi, Mukand akaja asubuhi na fimbo yake yenye pete za shaba, akafungua kamba. Akasema, "Watu wanasema ni mke wangu. Basi namchukua mke wangu." Nilishika kamba, akainua fimbo. Tumbo langu lilikuwa hapa. Nikaachia.

Jirani waliokuwa juu ya mapaa walisema ule msemo wao wa fimbo na nyati, mnaujua, msiutamke mbele yangu, kinywa changu hakijaubeba hata siku moja. Waliusema kwa upole kabisa, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Maana yake ilikuwa, mwenye nguvu ndiye mwenye mali, nenda zako ndani, Bachint, dunia imekwisha pangwa.

Sikwenda ndani. Nilikwenda kwa wazee watano wa baraza. Nilikwenda siku ya kwanza wakaniambia ni mambo ya nyumbani. Nilikwenda siku ya pili, nikawapelekea ninyi wawili na njaa yenu, nikawaketisha katikati yao bila neno, na mlijua kulia, Mungu awabariki. Siku ya tatu mzee Bishna, aliyekuwa mkubwa wao, mzee mwenye jicho moja na maneno ya watu sita, akasema, "Mleteni nyati mwenyewe tumwulize."

Walicheka, maana kwetu mtu mzito wa kuelewa huitwa nyati. Ukimwimbia au ukimpigia filimbi, wanasema, umepoteza pumzi. Yeye anatafuna tu. Nami nilikuwa nikichekwa kwa hilo kabla hata Kehar hajafa, kwa sababu nilimwimbia Bhuri kila nilipomkamua, wimbo wangu wa ovyo niliojitungia mwenyewe, *shuka mvua nyeupe, ndoo imekaa, shuka mvua nyeupe, mlango uko wazi.* Mke wa muuza mafuta alikuwa akisema, "Bachint anampigia nyati kinanda, kesho atamfundisha kusoma."

Bhuri akaletwa mbele ya lango. Kiwele kimevimba kama ngoma, macho mekundu. Siku tatu kwa Mukand alikuwa hajaachia maziwa. Mukand akasema, "Amekauka, shemeji alikuwa anawadanganya watu kwamba ana maziwa." Mzee Bishna akasema, "Mkamue." Inder akajaribu, masikini, ndoo ikapigwa teke. Mukand akaiegemeza fimbo ukutani, akachuchumaa mwenyewe, na kilemba chake na masharubu yake, akavuta chuchu moja hadi nyingine, hakuna hata tone la kulowesha ukucha. Kijiji kizima kimesimama kinatazama. Bishna akasema polepole, "Mukand, mwanangu, mkeo amekunyima chai."

Hapo ndipo walipocheka, na hicho kicheko nimekula miaka yote hii, hakijaisha.

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa na hofu, wanangu. Siku tatu ni nyingi kwa nyati mwenye maumivu, na ningeshindwa, ningewazika ninyi mwaka ule. Nikachuchumaa na tumbo langu, nikaweka paji la uso kwenye ubavu wake, na sauti haikutoka. Mara ya kwanza haikutoka. Nikamsikia moyo wake. Nikaanza kuimba, mbele ya wanaume wote wa kijiji, mjane ambaye hajatimiza miezi miwili, kichwa wazi, nikiimba juu ya mvua nyeupe. Na kabla sijafika mlangoni mwa wimbo maziwa yakashuka yenyewe, mikono yangu ilikuwa bado haijakaza, yakapiga ndoo kwa mlio ule wa kengele na kisha kwa ule mlio mzito wa povu. Nikaijaza. Nikaijaza ya pili ya jirani.

Hakuna aliyetoa hukumu. Bishna aliinuka tu akapangusa suruali yake, wakatawanyika. Nikamshika Bhuri kamba, na nilipopita ukutani nikaichukua ile fimbo ya shaba, hakuna aliyenizuia, nikaja nayo. Hii hapa kando ya kitanda. Wengine mmedhani miaka yote ni ya baba yenu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hewa inanipungukia.

Melo. Mimi niliyetoka chini ya shuka, mimi niliyewaimbia wazee watano, nilipokuzaa nikakutazama ulivyo mtulivu, nikasema, huyu ni ng'ombe wangu. Neno lile lile. Lilikuwa kinywani mwangu kabla sijajua limefika. Nikalisema kila siku, na wewe ukakua kulifuata. Mwalimu wako alikuja hapa mara mbili akiomba umalize shule, nikamwambia kaka zako wanahitaji ada zaidi yako, nikakutoa darasa la nane ukiwa wa kwanza darasani, na hukulia, uliosha sare ukaikunja vizuri ukampa binti wa jirani. Ningependa ungepiga teke. Niliyemfundisha kupiga teke ni nyati tu. Nikakuoza kwa watu waliokurudisha na mtoto mgongoni baada ya miaka sita, na ukarudi uani hapa ukauliza unalala wapi, nami, Mungu anisamehe, nikakuonyesha chumba kando ya zizi. Sikuuliza siku ngapi. Lakini sikukupa chumba cha ndani.

Hilo ni deni langu na silipi kwa machozi.

Charno, usiiname, sina ugomvi nawe. Ulimwambia dada yako kwenye simu kwamba nyumba hii inamnywesha nyoka maziwa, na nilijua nyoka ni nani. Nikwambie kitu. Miaka arobaini, kila mwaka siku ile ya sikukuu tunapomwagia mashimo ya nyoka maziwa, nimemwaga kama wenzangu, na mwaka mmoja nikakaa kutazama nani anakunywa. Ni paka. Nyoka hata hakutoka. Maziwa ya nyumba hii anayeyakamua ni Melo, alfajiri na jioni, miaka kumi na minne sasa, na wewe chai yako ya asubuhi haijawahi kukosa rangi. Umesikia? Haya, nipe tena maji.

Ardhi. Ekari tisa, kwa jina langu, hamna mtu aliyenipa kwa huruma, niliilima. Siku ile ya mwezi wa Chet niliyosema kijana wa maziwa ananipeleka mjini kwa daktari wa macho, macho yangu hayakuwa na kitu. Tulikwenda ofisi ya ardhi. Kuna wosia umeandikishwa, una mashahidi wawili na picha yangu nimenuna. Darbara tatu, zile za mferejini. Jagir tatu, zile zenye kisima. Melo tatu, zile za njia ya hekaluni, na zizi, na nyati wote wanne, vitukuu vya Bhuri, kwa sababu wanaijua sauti yake. Na chumba cha ndani, hiki, nikishatoka.

Darbara, usivute pumzi hivyo. Najua unachowaza. Unawaza sheria ni sheria na dada ni dada. Atapewa leo, kesho ataandika amewaachia, kama dada wema wanavyofanya. Kwa ajili hiyo mkaandaa karatasi kabla hata sijafa. Charno, acha kuangalia debe. Nimeilalia. Iko chini ya mgongo wangu tangu asubuhi, na inanichoma.

Najua pia Melo anaogopa nini. Haogopi njaa. Anaogopa kwamba binti yake Jeeto atakapoolewa, siku ya wajomba kuingia na zawadi zao huku wanawake wakiimba, mlango utabaki wazi na hakuna atakayeingia, na watu watasema huyu hana kaka, alichagua shamba. Ni kwa hilo tu dada wote wa Punjab wanaweka dole gumba. Mimi pia. Niliweka, nikapata kikombe chenye maua.

Kwa hiyo nawaagiza ninyi wawili, na hili si ombi: mtaingia. Utaingia wa kwanza, Darbara, na kilemba chekundu, umebeba kilichokupasa, na Jagir nyuma yako, hata kama Melo ana ekari tatu, hata kama ana mia. Msipoingia, msiwashe moto wa kunichoma pia, mwacheni Bishna mdogo mwenye duka, mjukuu wa yule mzee, aniwashe. Na Jeeto amalize shule yake. Yote, hadi mwisho wake.

Jagir, usilie, simba halii.

Nimetania. Lia.

Fimbo. Kila mmoja wenu aliitaka tangu utotoni, mlipigana juu yake. Hamtaipata. Iwekeni juu yangu kwenye kuni, shaba na yote. Nikiiacha ndani ya nyumba kuna siku mmoja wenu, au mtoto wenu, ataishika mkononi, atazame zizi, na auamini ule msemo.

Hiyo ni pikipiki? Ni karani. Amewahi. Mpeni chai, na biskuti, mtu mwenyewe hana kosa.

Na huyo anayelia ni nyati. Saa imefika, kiwele kimejaa. Melo, inuka. Karani anaweza kungoja, nyati hawezi. Sina nguvu ya kukushika mkono, wala sitakushika. Kama utaliweka dole gumba, njoo hapa, niinue mgongo, karatasi iko chini, ichukue, na mimi sitasema neno, nimeshasema mengi. Kama huweki... ndoo iko palepale, nyuma ya mlango.

Kaka zako wanakutazama. Waache watazame.

Hiyo... hiyo ni ndoo. Nimesikia mpini.

Haya. Ndiyo. Haya.

Kaeni, ninyi. Msimfuate. Darbara, weka mkono wako kichwani pangu, nasikia baridi kidogo. Wazee wetu wakibariki huomba maziwa na watoto wa kiume. Mimi nawaombea maziwa. Hao wengine mtajiombea wenyewe. Nawaombea mlango ulio wazi. Nawaombea... kila mtu wa nyumba hii aulizwe kikombe gani anataka.

Fungueni dirisha la zizi. Zaidi.

Mbona haimbi? Anaona haya, karani yuko uani. Melo. Mwambieni... usijali karani, imba. Mimi nilikuwa na wazee watano.

Kimya. Ngojeni.

Hapo. Ndiyo yeye. Hapatii, mwanzo amepandisha juu mno, sikuwahi kumfundisha, ameokota tu kwa kusikia. Zaidi, mwanangu. Hata pale langoni wakusikie.

Msiseme kitu. Sikilizeni ndoo... bado ni ile ya kengele...

Sasa ni povu.